Udongo Niliouhamisha kwa Vitunga

Kasongo, Jumamosi, tarehe 31 Agosti. Asubuhi ukungu hadi saa mbili, kisha jua kali. Mawingu upande wa Kabambare, lakini hakuna tone. Tuta la kwanza kavu juu, baridi ukiingiza kidole.

Zaina mwanangu,

Mistari hiyo ya juu niliiandika leo asubuhi katika daftari langu, kama ninavyoandika kila siku tangu nilipokuwa msichana wa sekondari. Ukurasa huu nimeuchana kwa ajili yako, na sijawahi kuchana ukurasa hata mmoja. Ukiona kingo zake zimepasuka vibaya, ujue mkono haukuzoea.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala chandarua, wala kuficha simu ukifika kwenye vizuizi vya njiani. Hayo umeyasikia tangu Jumatatu. Mjomba wako Idi amesema nimekuagiza mpaka namna ya kukohoa. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya ile ndoo.

Mchana, ulipokuwa unafunga godoro, uliniuliza, umesimama mbele ya ndoo:

"Mama, ile ndoo ya minyoo naibeba ao naiacha?"

"Ngoja asubuhi."

"Asubuhi pikipiki itakuwa imefika. Dereva atafunga kamba saa ngapi?"

"Nimesema ngoja."

Ukacheka. "Mama, ni minyoo tu. Siyo dhahabu."

Laiti ingekuwa dhahabu. Dhahabu ningempa Shabani bila kufikiri mara mbili. Dhahabu ilikwisha kumla peke yake, haikuhitaji msaada wangu.

Kesho usiku utalala Wamaza katika nyumba ya Shabani, baba yako mdogo. Shule imekupa darasa la tatu la kufundisha lakini haikukupa nyumba, na yeye ndiye ndugu pekee tuliye naye kule. Alituma neno kwamba mtoto wa kaka yake hawezi kulala kwa watu. Neno zuri, mtu yeyote angesema ni neno zuri. Kisha dereva wa pikipiki akaongeza la pili, na nilimfanya alirudie mara tatu:

"Amesema hivi, mama: mutoto asikuje mikono tupu. Udongo ya huku imechoka. Aje na ile minyoo ya mama yake. Amesema utajua."

Najua. Nimejua kwa miaka kumi na miwili.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Hadithi unayoijua ni fupi: baba alikufa, tukahama, tukaja kukaa kwa Mjomba Idi. Sasa nitakupa ndefu, kwa sababu unakwenda kula sahani moja na mtu huyo, na sitaki uile bila kujua imepikwa na nini.

Nilipoolewa na baba yako niliingia katika uwanja mwekundu, mgumu kama tofali. Mimi ni mtoto wa mjini. Sisi tulilelewa kwamba bi arusi anajulikana kwa ufagio wake: kabla ya jua kutoka uwanja uwe mtupu, ukiangusha sindano uione. Nilifagia miaka miwili. Kila jani, kila ganda la ndizi, kila mavi ya mbuzi, nilikusanya pembeni nikachoma. Majirani walinisifu. Na kila nilichopanda kilitoka cha manjano, kikasimama kidogo, kikafa.

Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa mwanamke wa mashamba ya Kabambare, hakuwa mtu wa ufagio. Siku moja alikuja kututembelea, akakaa kwenye kiti chake kidogo akinitazama nafagia mpaka nikamaliza. Ndipo akasema:

"Mukamwana, unafagia chakula."

"Chakula gani, mama?"

"Chakula ya udongo. Unaifagia, halafu unaichoma. Halafu unalia kwamba lenga-lenga, mboga yako, inakataa kuota."

Nilikasirika. Nilikuwa na cheti cha sekondari, na yeye hakujua kuandika jina lake. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya migomba, akageuza kwa kidole cha mguu kigogo cha mgomba kilichooza. Chini yake walikuwepo, wembamba, wekundu, wakijikunja kwa kuchukia mwanga.

"Hawa ndiyo wafanyakazi. Hawaombi kitu. Wanaomba tu wasilale na jua, na wasionje chumvi."

Tulianza na sufuria kuukuu iliyotoboka chini. Aliweka vipande vya kigogo cha mgomba, mavi ya mbuzi yaliyokaa wiki tatu mpaka yakapoa, makapi ya mpunga kutoka kwenye mashine, majani juu. Halafu minyoo. Aliporudi Kabambare nikajiona nimekuwa fundi, nikaanza kuwamwagia masalio ya jikoni. Sombe ya majani ya muhogo, mawese, kila kitu. Siku ya tatu walikuwa wamepanda ukingoni mwa sufuria kama watu wanaokimbia nyumba inayowaka, na ndani kulikuwa na harufu. Katika daftari la mwaka ule nimeandika: "Wamekufa wote. Sababu: chumvi ya sombe." Neno chumvi nimelipigia mstari mara mbili. Kumbuka mstari huo, tutaurudia.

Nikaanza tena. Nilijifunza kuwapa kidogo na kuwaacha. Nilijifunza kwamba unyevunyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa unawatosha, na zaidi ya hapo wanazama. Ndimu hawapendi, majivu hawapendi, na mtu mwenye haraka hawampendi hata kidogo. Kila kitunga cha mbolea nilichomwaga kwenye matuta nilikiandika na tarehe yake. Sikujua kwamba siku moja nitahitaji maandishi hayo. Niliandika kwa sababu ndivyo nilivyo. Baba yako alikuwa anawaambia wateja wake dukani:

"Wenzangu wanaandika dhahabu. Muke wangu anaandika mavi ya mbuzi."

Lakini ni yeye aliyeniletea vitunga, na ni yeye aliyekuwa anaingiza mkono tutani mpaka kifundo, anautoa mweusi, ananusa, anacheka peke yake. Baada ya miaka minane uwanja ule ulikuwa na matuta sita. Wewe ulijifunza kutembea katikati yake. Ulianguka mara ngapi, hukuwahi kuchubuka goti.

Kisha baba yako akaugua homa, akafa ndani ya siku tano.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, unajua. Shabani alijua pia. Wiki ya kwanza alikuja kulihifadhi duka, akasema wezi wamezidi. Alihifadhi sabuni, alihifadhi sukari, vitambaa, betri, mizani, mpaka rafu za mbao. Aliacha kitu kimoja: nusu gunia la chumvi lililoingia maji. Alilisukuma kwa mguu mpaka mlangoni pangu akasema, "Hii itakufaa jikoni, shemeji."

Siku ya arubaini alirudi kupima uwanja. Mimi nilikuwa ndani, dirishani, na nguo zangu za msiba, siwezi kutoka kupiga kelele mbele ya wanaume. Alipima kwa hatua, na viatu vyake vya ngozi miguuni, akihesabu kwa sauti. Hatua ya kumi na nne ilikuwa juu ya nyanya za baba yako. Hakuzunguka. Niliiandika hiyo hatua, na tarehe yake, na viatu.

Alikuwa na mnunuzi, mtu wa dhahabu kutoka Salamabila aliyetaka kujenga mjini. Nilimtuma Idi kumwambia kwamba fungu la mke na fungu la binti linajulikana hata kwa mtoto wa madrasa. Akamjibu:

"Hiyo ni ya kitabu. Nyumba hii ni ya ukoo."

Eda ilipokwisha wakaketi kikao. Mkubwa wa ukoo alikuwa Mzee Kibwana, mtu mwema, lakini mwenye kuogopa kelele kuliko dhuluma, na Shabani alikuwa na kelele nyingi. Mzee alikohoa, akasema:

"Nyumba inarudi kwa ukoo. Mujane abebe kile alikuja nacho, na kile alifanya kwa mikono yake. Siku saba."

Shabani akacheka. "Mikono yake imefanya nini? Abebe masufuria. Abebe na mavi yake ya mbuzi!"

Wote wakacheka, hata wale walionionea huruma. Mimi niliinamisha kichwa, wakadhani nalia. Nilikuwa narudia maneno kichwani nisije nikayasahau kabla ya kuyaandika: kile alifanya kwa mikono yake.

Asubuhi iliyofuata mjomba wako alikuja na baiskeli.

"Dada, tunaanza na kitanda?"

"Tunaanza na udongo."

"Udongo gani?"

"Wangu."

Alinitazama kama anamtazama mtu aliyeumwa na msiba kichwani. Lakini Idi ni Idi. Alifunga vitunga viwili kwenye baiskeli, akasukuma. Nilichimba tuta la kwanza mpaka jembe likagonga wekundu, nikahamia la pili. Siku ya pili wanawake wa mtaa walikuja kuchungulia. Siku ya tatu walikuja na mabeseni. Siku ya nne Shabani akafika, nusu ya uwanja ikiwa shimo.

"Shemeji! Umepata wazimu? Unabeba udongo ya watu?"

"Ya watu gani?"

"Ya ukoo!"

"Ya ukoo iko pale chini, ile nyekundu. Sijaigusa."

Alikwenda mbio kumleta Mzee Kibwana. Mzee alikuja na fimbo yake, akatazama shimo, akanitazama mimi. Nilileta kiti, nikamkalisha, nikafungua daftari la kwanza nikaanza kusoma. Tarehe, kitunga kimoja, tuta la kwanza. Tarehe, vitunga viwili, tuta la tatu. Nilisoma polepole, kama wewe utakavyosoma imla darasani. Nilimaliza daftari la kwanza, nikafungua la pili. Jua lilikuwa limepanda. Mzee akainua mkono.

"Inatosha, mama Zaina. Shabani, ni wewe ulisema abebe mavi yake ya mbuzi?"

"Mzee, nilikuwa nacheka tu!"

"Basi, sasa na yeye anacheka. Mama, endelea kubeba."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika sokoni. Jirani mmoja, mwanamke mnene mwenye beseni la kijani, akamwambia: "Shabani, ondoka hapo kwa tuta, tusije tukakubeba na wewe. Vile umeoza, utafaa!"

Zaina, siku hiyo ilikuwa tamu. Nimeolewa, nimezaa, nimepata cheti, na sijaonja kitu kitamu kama uso wake ule. Watu watakuambia kisasi ni kichungu. Hao hawajakionja kikiwa bado cha moto.

Ningeishia hapo, ningekuwa leo mwanamke mwenye furaha.

Siku ya saba matuta yote sita yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa umekwenda na mjomba wako na mzigo wa mwisho. Nilibaki peke yangu na ufagio, kwa sababu hata katika hasira sikuweza kuacha nyumba chafu, na mlangoni nikalikuta lile nusu gunia. Hii itakufaa jikoni, shemeji. Nikachota maji. Niliyeyusha chumvi ndooni mpaka maji yakakataa kupokea zaidi. Nikamwagia pale palipokuwa tuta la kwanza, la pili, mpaka la sita, sawasawa, bila kuruka mahali, kama mtu anayenywesha miche. Nilirudia mpaka gunia likaisha. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimekipigia mstari mara mbili.

Jioni ile niliandika hali ya hewa tu. Ni ukurasa mmoja katika madaftari yangu yote ambao umedanganya kwa kunyamaza.

Mtu wa dhahabu alikuja, akakuta shimo jekundu, akauliza wanawake kimetokea nini. Walimweleza, na wao hawaelezi kwa maneno machache. Akamwambia Shabani mbele yao:

"Mimi naingia ndani ya shimo kila siku, kamba kiunoni. Siwezi kununua machozi ya mujane halafu nishuke tena."

Akapanda pikipiki yake, akaenda. Niliposikia, nilipika pilau. Unakumbuka ile pilau? Uliniuliza ni sikukuu gani.

Lakini Shabani hakutaka kurudisha nyumba. Alihofia nikirudi nitakaa. Akamleta Bibi yako kutoka Kabambare, akamweka mle ailinde, yeye mwenyewe akaenda Salamabila kutafuta bahati mashimoni. Mwanamke mzee, peke yake, na uwanja mbele yake. Unafikiri alifanya nini siku ya kwanza? Alichukua jembe.

Mimi huku nilikuwa na shida yangu ambayo sikumwambia mtu. Udongo wote tulioubeba niliulundika nyuma ya nyumba ya Idi, lundo moja kama kaburi la ng'ombe, nikaufunika kwa turubai jeusi nikalikaza kwa mawe pande zote. Niliogopa Shabani atatuma watu waje waumwagie kitu. Mwenye kumwaga chumvi anaona chumvi kila mahali. Sikufungua wiki tano. Jua lilipiga turubai, ndani kukawa tanuru. Nilipofunua, harufu ilinirudisha nyuma. Hakukuwa na mnyoo hata mmoja. Udongo wa miaka minane ulikuwa umekuwa tope la kijivu linalonuka, nami nimeuua kwa kuulinda. Nikafunika tena. Nikawaacha watu waendelee kunisifu.

Ndipo Bibi yako akaja.

Ulikuwepo. Ulikuwa unamenya karanga pale mlangoni. Alikuja kwa miguu, na chungu kidogo kitupu mkononi, akakaa, akaomba maji. Kisha akasema:

"Mukamwana, kule kuna nini? Napanda lenga-lenga, inaota. Inafika kidole, inaanza kuungua pembeni kama karatasi. Nimepanda mara ya pili, sawasawa. Napanda tangu mutoto, sijaona kitu ya namna hii. Nafikiri mikono yangu imekufa."

Akaigeuza mikono yake, akaitazama juu na chini.

Nilikuwa na jibu. Neno moja tu, la herufi sita, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha maana yake.

"Nigawie kidogo ya ile udongo yako," akasema. "Chungu moja tu. Nitaanza nayo."

Nikamwambia: "Mwambie mwanao akuletee kutoka Salamabila."

Hakukasirika. Alikipindua chungu chake akakipiga kofi chini, kama mtu anayetoa vumbi, ingawa hakikuwa na vumbi. Akakuambia wewe, "Kaa vizuri, mujukuu," akaondoka. Ukaniuliza, "Mama, Bibi alikuja kufanya nini?" Nikakujibu, "Kusalimia tu."

Nilimnyima udongo uliokuwa umekwisha kufa. Ningeweza kumwambia, "Mama, huu nao umekufa, tuketi tulie pamoja." Lakini ili nimwambie hivyo ningelazimika kukubali kwamba Shabani hakunishinda, nilijishinda mwenyewe. Niliona ni heri niwe mkatili kuliko kuwa mjinga.

Alijaribu tena msimu uliofuata. Kabla ya msimu wa tatu alifariki. Walipouliza nani ataosha maiti, nikasimama. Walinisifu tena, mkamwana mwema, hakuweka kinyongo. Mimi ndiye niliyeosha mikono yake, kidole kwa kidole. Zaina, haikuwa imekufa. Ilikuwa na mikwaruzo mipya ya jembe.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda peke yangu nyuma ya migomba ya Idi, nikageuza kigogo kilichooza kwa kidole cha mguu, kama alivyofanya yeye. Minyoo walio kwenye ndoo yako ni wajukuu wa hao niliowakuta chini yake. Ilinichukua miaka mitatu kupata tuta moja linaloingia mkono.

Hakuna ajuaye habari ya chumvi. Idi hajui. Shabani hajui; mpaka leo anasimulia kwamba mama yake alizeeka tu, mkono ukapoteza baraka, na mimi namwacha asimulie. Sasa unajua wewe. Ukiona unichukie, nichukie kwa mwezi mzima ukiwa Wamaza, kisha uniandikie. Kuhusu Bibi ninaomba msamaha kila alfajiri, na sitegemei kujibiwa haraka.

Kuhusu Shabani siombi kitu. Nimejaribu. Kila Ramadhani najaribu kusema nimemsamehe, ulimi unafika katikati unarudi. Dhahabu imemtoa Salamabila na magoti mabovu, nyumba ya Kasongo imeanguka ukuta mmoja, naye sasa analima Wamaza udongo uliochoka, na mimi nikisikia hayo nalala vizuri. Nakuambia kweli ili usije ukafikiri mama yako amekuwa malaika kwa sababu ya uzee.

Na jioni hii, ulipokwenda kuaga rafiki zako, nilifanya jambo. Nilichukua kibakuli cha chumvi jikoni, nikakaa nacho mbele ya ndoo yako. Nilifungua kifuniko. Walikuwa wazima, wameshiba maganda ya ndizi. Nikawaza: atapokea zawadi aliyoiomba kwa kinywa chake. Atawamwaga shambani kwake. Watakuwa wamekufa, na hatajua kwa nini, na ataishi anajiuliza. Utamu ule wa zamani ulinipanda mdomoni, nakuapia. Maji ya ugali yalichemka, yakamwagika, nikiwa bado nimeshika kibakuli.

Kisha nikaona si yeye atakayewamwaga. Ni wewe. Utafika umechoka na vumbi la njia, utachimba mahali pazuri, utawaweka na majani juu, utawapa maji kidogo jioni. Siku ya tatu utafunua. Utatazama, kisha utaigeuza mikono yako, juu na chini.

Nimerudisha chumvi.

Ndoo utaibeba. Lakini usifikiri nampelekea yeye. Ni yako. Chimba tuta lako mlangoni, pale ambapo lazima apite kila asubuhi akienda chooni na magoti yake, aone mkono wa binti wa mjane umefanya nini katika uwanja wake. Panda nyanya kwanza. Mke wake akiomba udongo, mpe bila neno, hakunikosea. Watoto wake wakiomba, wafundishe. Wapikie wote, na umpakulie yeye nyanya kubwa kuliko zote, naye ale huku akijua zilitoka wapi. Na siku atakapokuja mwenyewe, chungu mkononi, mwulize kwa heshima: "Baba mdogo, hatua ya kumi na nne ulikanyaga nini?" Akikumbuka, mjazie. Asipokumbuka, mpe nusu, na nusu nyingine umwambie airudie siku akikumbuka. Usimrudishe na chungu kitupu. Hilo nimelifanya mimi, na sitaki lifanywe tena na mtu wa damu yangu, hata kwake.

Ndani ya sanduku, chini ya kitenge cha kijani, nimekuwekea daftari jipya. Andika kila kitunga na tarehe yake. Wakicheka, waache wacheke, mcheko wao uandike pia. Siku utakayohamishwa shule au kuolewa au kuchoka naye, tuma neno, Idi atakuja na baiskeli, nami nitakuja na beseni. Udongo wako tutaubeba wote, mpaka jembe ligonge wekundu. Tutafagia, tutafunga mlango, tutawapa ufunguo. Na ile nyekundu iliyo yao tutawaachia tamu kama tulivyoikuta.

Saa saba na nusu usiku. Mawingu bado upande wa Kabambare, hakuna mvua. Ndoo iko mlangoni, kifuniko nimekitoboa matundu kumi na mawili ili wapumue njiani. Nalala.

Mama yako